Usimfungulie Fundi wa Gesi

Scarborough, 8 Oktoba 2018

Kwa Mhariri,

"Nyumba zangu zimesimama zaidi ya miaka mia moja na hakuna aliyekufa kwa gesi. Ukaguzi wa kila mwaka ni ujanja wa kuwapatia mafundi hela ya Krismasi." Hayo aliyaandika Bwana Clifford Ormerod, mwenye nyumba tisa pale Zion Terrace, katika ukurasa huu wiki iliyopita. Mimi nimezaliwa Halifax na nimefundisha historia hapo mpaka waliponichoka. Sasa nakaa huku pwani, ambako gazeti lenu hunifikia kwa posta, limechelewa lakini halijapoa.

Nyumba haipumui, Bwana Ormerod. Anayepumua ni mpangaji. Kujisifu kwamba kuta zimesimama ni sawa na mwenye basi kujisifu kwamba viti havijachanika, huku breki hajazitazama tangu alinunue.

Sheria haikubembelezi. Kila mwaka, kila kifaa cha gesi ulichokiweka, kila bomba na kila dohani ya kutolea moshi, vikaguliwe na fundi aliyesajiliwa. Mpangaji mpya apewe hati ya ukaguzi kabla hajaingiza hata kikombe. Aliyemo ndani apewe yake kila ukaguzi unapofanyika. Usipofanya hivyo, kuna faini, na kuna jela. Wala si kazi ya mpangaji kukukumbusha.

Unasema huna muda wa kuleta fundi mara moja kwa mwaka. Mbona una muda wa kufuata kodi mara kumi na mbili?

Mleteni fundi, ninyi nyote. Mlango kwa mlango.

Thelma Sugden


Halifax, 15 Oktoba 2018

Shangazi Thelma,

Naandika hapa kazini, saa ya chakula, nyuma ya magunia ya unga. Siwezi kukupigia simu. Ya nyumbani iko kando ya kiti cha Baba, na wewe ukiongea kwenye simu hata jirani anasikia.

Bwana Ormerod ametuletea notisi. Tuhame katika miezi miwili, sababu hajataja, na sheria haimlazimishi kutaja. Mke wa jirani anasema anataka kuuza nyumba zote tisa kwa mkupuo. Barua yako ya gazetini sidhani kama ilisaidia. Alikuja mwenyewe, akasema, "Mwambie shangazi yako wa pwani nimemsoma vizuri."

Baba hajui. Nimeficha notisi. Tangu Mama afariki na tuhamie hapa, hicho chumba cha mbele ndiyo dunia yake: kiti, redio, na ule moto wa gesi kwenye meko. Anaukoka asubuhi mpaka anapopanda kulala. Boila ya kupasha nyumba nzima hataki niiwashe, anasema kupasha moto vyumba visivyo na watu ni wazimu. Ameniagiza nishone mto mrefu wa kuziba upepo chini ya mlango, nikaushona kama mbwa, na masikio. Anamwita Nigel.

Kichwa kinamsumbua, lakini ni hii baridi. Nimhamishie wapi, Shangazi? Nimeangalia vyumba mjini kote. Hakuna anayetaka mzee na mfanyakazi wa mkate.

Janine


Scarborough, 18 Oktoba 2018

Janine mwanangu,

Kaa chini kwanza, kama magunia yanaruhusu. Sasa nijibu: mlipohamia pale, je, Ormerod aliwapa hati ya ukaguzi wa gesi? Baadaye je? Umewahi kumwona fundi akipiga magoti mbele ya ule moto?

Najua jibu, maana mtu mwenyewe amejianika gazetini. Na ndipo alipojichimbia shimo. Mwenye nyumba ambaye hajampa mpangaji hati ya gesi hawezi kumtoa kwa notisi ya namna hiyo. Notisi yake ni karatasi ya kufungia samaki! Nimesoma kesi zenyewe, na nimempigia wakili mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, akaniambia, "Mwalimu, umempata."

Kwa hiyo sikiliza. Usimwambie neno. Usiombe hati. Wala usilalamike juu ya moto. Akistuka atamtuma fundi mbio, apate hati yake, kisha awaletee notisi safi. Ikiwa fundi atabisha hodi, usimfungulie. Uko kazini, uko bafuni, una mafua, chagua. Siku asiyokagua ni siku yenu.

Nimengoja miaka kuona mmoja wao akinaswa kwa mkono wake mwenyewe.

Shangazi yako,
Thelma


Halifax, 5 Novemba 2018

Bi Janine Sugden,

Fundi wangu amekuja kwako mara mbili. Mara ya kwanza anasema aliona pazia likicheza. Mara ya pili aliona miguu. Mimi nimeuza nyama utu uzima wangu wote, najua mteja anayejificha asilipe deni, lakini sijawahi kuona mtu anayejificha asitengenezewe kitu.

Sitakudanganya. Wakili wangu ameniambia notisi niliyokupa haina nguvu kwa sababu ya hiyo hati. Sawa. Nimekosea, nataka kurekebisha. Nyumba nane zimeshakaguliwa, imebaki yako. Usiponifungulia itabidi niende mahakamani, na mimi mahakama inaniumiza tumbo.

Namba yangu ya simu iko hapo juu. Msalimie baba yako, Wilf. Alinipandisha basi lake bure nikiwa kijana sina kitu, na hilo sijalisahau, ingawa naona familia yenu mnadhani nimesahau kila kitu.

C. Ormerod


Halifax, 12 Novemba 2018

Shangazi,

Fundi alipokuja nilijibanza nyuma ya kochi. Baba akaniangalia akacheka, "Unacheza na nani?" Nikamwambia nimeangusha herini. Akasema, "Wewe huna herini." Basi tukacheka wote, na yule mtu akaendelea kugonga, na mimi nikabaki nimejikunja kama mwizi.

Ormerod ameandika, barua yake nimeiweka humu uisome. Notisi yake amekubali haina nguvu. Ulikuwa sahihi. Nilidhani nitafurahi.

Baba anatapika asubuhi. Daktari alisema ni virusi, vinazunguka mji mzima. Lakini Jumapili nilimtoa, tukaenda kwenye kishamba chake cha mboga, tukakaa kutwa, na akawa mzima, Shangazi. Mzima kabisa. Alitukana konokono, akapanda vitunguu saumu, akala pai mbili. Tuliporudi akakaa motoni, na kabla redio haijamaliza taarifa akawa tena yule yule, ameinamisha kichwa. Hata mimi nikikaa naye jioni kichwa kinagonga.

Moto wenyewe umebadilika. Zamani ulikuwa wa buluu, sasa ni wa manjano na unarukaruka. Baba anasema anaupenda hivyo, unafanana na makaa ya utotoni kwenu.

Nimfungulie fundi? Sema tu ndiyo au hapana. Sitaki maelezo.

Janine


Scarborough, 15 Novemba 2018

Janine,

Hapana.

Hukutaka maelezo lakini utayapata, kwa sababu hapa ndipo watu wetu huanguka kila mara. Tunashikilia mpaka saa ya mwisho, kisha tunawahurumia. "Wilf alinipandisha basi bure"! Ndivyo wanavyofanya. Wanakupapasa begani huku mkono mwingine unapima mlango kwa ajili ya mnunuzi. Huyu mtu amewakalisha miaka miwili bila ukaguzi, na alipokumbuka, hakukumbuka kwa sababu ya mapafu ya kaka yangu. Alikumbuka kwa sababu anataka kumtoa nje. Fikiria hilo. Fundi huyo hakutumwa kuwalinda. Ametumwa kuwafungulia mlango wa kutokea.

Kichwa kinachowauma ni Ormerod. Mimi mwenyewe silali, natembea ukumbini hapa nikimjibu kwa sauti. Wilf tangu utoto akiwa na wasiwasi anatapika, muulize kuhusu mtihani wake wa kuendesha basi. Mwambie apunguze moto kidogo, na ufungue dirisha mchana. Nitatafuta ile kengele ndogo ya kugundua sumu ya gesi niwatumie.

Shikilia mpaka Krismasi. Mnunuzi atachoka.

Thelma


Halifax, 20 Novemba 2018

Thelma,

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Janine yuko kazini. Niko hapa motoni.

Nataka ujue kwamba najua habari ya notisi. Aliificha kwenye bokisi la mkate, chini ya mkate, na katika nyumba hii mla mkate ni mimi. Sikumwambia, kwa sababu anajitahidi sana nisijue, na sikutaka kumharibia. Anajibanza nyuma ya kochi, mtoto wa watu, ana miaka thelathini na nne.

Mimi kuhama siogopi. Nimehamisha watu mji huu mzima, mtaa kwa mtaa, mvua na theluji. Chumba ni chumba. Wewe ndiye unayetaka vita, mdogo wangu, tangu ukiwa na sare ya shule. Baba yetu alisema huyu ataishia bungeni au gerezani. Ningependa uje Krismasi. Usije na vitabu.

Kichwa kinaniuma kweli. Jana nilivaa kofia ya kazi nikamuuliza Janine leo naendesha basi gani. Akalia. Sikujua analilia nini mpaka nilipoiona kofia kwenye kioo.

Nilitaka kukwambia kitu. Najua habari ya notisi. Ilikuwa kwenye bokisi la mkate. Mimi kuhama siogopi. Ningependa uje Krismasi.

Moto ni mzuri leo, manjano tupu. Nitampa mtu wa posta barua akipita, kisha nilale kidogo hapa hapa kwenye kiti. Miguu haitaki ngazi.

Kaka yako,
Wilf

Nimekwambia habari ya notisi?

Wilf


Halifax, 26 Novemba 2018

Bi Sugden,

Uliponipigia simu Alhamisi nilidhani ni matusi, nikakaa vizuri kwenye kiti nikuachie uanze. Uliposema "tafadhali" nikajua kuna mtu anakufa.

Umeniomba nikuandikie yote bila kupunguza, kwa kuwa hospitalini hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kukueleza. Haya.

Ulisema umesoma barua ya Wilf ikakutisha, umempigia simu imeita mpaka imekata, Janine yuko kwenye mashine za unga hasikii, umeshawaita watu wa dharura, lakini mimi niko karibu na nina ufunguo. Nilikimbia na slipa. Mwenye nyumba haruhusiwi kuingia tu kwa mpangaji, hilo nalijua, nikagonga kwa ngumi mara moja halafu nikaingia. Mlango wa chumba cha mbele ulikataa kufunguka kwa sababu ya mbwa wa kitambaa aliyekuwa chini yake. Niliusukuma kwa bega. Joto lilikuwa kama la tanuri. Wilf alikuwa kwenye kiti, uso mwekundu vizuri, ungesema ametoka kwenye harusi. Nilizima gesi, nikamshika kwapani, nikamburuta mpaka kwenye ngazi za nje. Ni mzito, kaka yako. Mke wa jirani akatoka na kusema, "Clifford, huku ndiko kumtoa mpangaji?" Nikamwambia asinichekeshe, nitamwangusha.

Baada ya muda kidogo kwenye baridi Wilf akafungua jicho. Akaniangalia, akaniuliza, "Umefuata kodi?" Nikalia, Bi Sugden, pale barabarani, nimevaa slipa.

Fundi alikuja jioni ile. Aliutoa moto ukutani, akaingiza mkono kwenye dohani, akaanza kuvuta. Vijiti, matope, sufu ya kondoo, kamba ya buluu ya kufungia majani makavu. Kiota cha kunguru, akajaza ndoo akaongeza nyingine. Akasema moshi ulikuwa hauna pa kwenda ila kurudi chumbani, na ile sumu haina harufu wala rangi. Moto wa gesi ukigeuka manjano, alisema, unakuomba msaada.

Kisha akaniambia jambo la pili, mbele ya watu. Kiota hicho hakikujengwa mwaka huu tu. Kina msimu juu ya msimu. Ningemleta hata mara moja tangu Wilf ahamie, angekiona kikiwa kidogo. Naliandika mwenyewe ili usipate raha ya kuniambia.

Lakini na wewe pokea lako. Janine amenieleza, hakutaka, lakini alikuwa amechoka. Gazetini ulinitaka nilete fundi. Nikamleta. Kwa barua ukamwambia binti wa kaka yako asifungue. Ni Thelma yupi niliyetakiwa kumtii?

Nimekuwekea nakala ya hati ya ukaguzi. Nyumba namba kumi na nne, dohani safi, moto mpya. Sasa naweza kuandika notisi nyingine, na wakili ananihimiza, na mnunuzi anapiga simu kila asubuhi. Sijaandika. Sijaamua. Napita pale kila siku kana kwamba nimesahau kitu.

C. Ormerod


Halifax, 2 Desemba 2018

Shangazi,

Baba ametoka kwenye ile mashine ya hewa. Anakula. Anajua jina langu. Anajua basi gani lilipita mtaa gani mwaka gani. Lakini ukimwambia kitu asubuhi, mchana hakipo. Daktari anasema huenda kitarudi na huenda hakitarudi. Jana aliniuliza mara kadhaa kama Mama ameshamaliza kununua vitu. Nikamwambia bado, foleni ndefu.

Anataka kurudi Zion Terrace. Sio kwingine. Anasema chumba chake anakijua kwa mikono, na nadhani ndiyo sababu, kwa kuwa kichwa hakimpeleki tena. Muuguzi anasema mtu wa namna hii ukimhamishia pasipo mazoea anapotea ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo ile nyumba tunaihitaji sasa kuliko tulivyoihitaji uliponiambia niipiganie.

Ulisema utatuma kengele. Haikuja. Nimenunua mwenyewe.

Nilikuomba neno moja, ukanipa "hapana", na mimi nikalitii, mtu mzima. Hilo ni langu, sikuachii. Lakini usiniandikie tena kuhusu sheria. Usinieleze Ormerod ni nani. Mimi nilipofika nilimwona akiwa bado na slipa.

Mchana niko kazini na hakuna wa kukaa na Baba. Kama unakuja, njoo. Kama huji, usiandike.

Janine


Zion Terrace namba 14, Halifax, 10 Desemba 2018

Kwa Mhariri,

"Ilikuwa bahati mbaya ya kunguru, na hakuna wa kulaumiwa." Hivyo ameandika msomaji wenu mmoja wiki hii kuhusu kaka yangu, Wilfred Sugden, dereva wa basi mstaafu. Msomaji huyo ana moyo mwema, na amekosea kila neno.

Kunguru hana bahati mbaya. Kunguru anatafuta dohani kila masika, hapa Halifax na kote, tangu tulipoanza kujenga madohani. Ndiyo maana ukaguzi ni wa kila mwaka na sio wa kila karne. Mwenye nyumba ambaye haleti fundi anamwachia ndege kazi yake. Bwana Ormerod amekubali nilitaje jina lake hapa, nikitaja na langu kando yake. Nataja: yeye hakumleta fundi alipopaswa, na alipomleta, mimi nilimfungia mlango kwa barua.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu katika nchi hii hati inayosema mpangaji hatakufa usingizini ndiyo hati ile ile inayomruhusu mwenye nyumba kumtupa nje bila sababu. Nani aliyezifunga kazi hizi mbili kwa kamba moja? Waliotunga sheria walidhani wanamtisha mwenye nyumba mzembe. Walimfundisha mpangaji kumwogopa fundi. Nami niliyesoma vitabu vyote niliona mwanya wa kisheria nikauingia kwa kichwa, na ndani yake alikuwa kaka yangu.

Naandika hapa mezani kwake. Anasoma begani kwangu, na kila nikifika mwisho wa ukurasa ananiuliza ni nani huyu tunayempigania. Namwambia, ni jirani mmoja. Anasema, "Mpiganie vizuri basi, Thelma, lakini fungua dirisha."

Wapangaji wa Zion Terrace na wa mitaa yote inayofanana nayo: mfungulieni fundi. Leo. Hata kama mnajua atakayemfuata ni mleta notisi. Notisi tutapigana nayo mkiwa hai, na mimi sasa naishi karibu. Nitakuja na kofia na mwavuli, nitasimama mlangoni kwenu.

Mbunge wetu, ambaye ofisi yake imenijibu kwamba suala hili "linatazamwa": acha kulitazama. Simama bungeni ukate ile kamba. Ukaguzi uwe wa uhai peke yake, usiwe tiketi ya kumwondoa mtu.

Na ninyi wenye nyumba. Bwana Ormerod alisimama juzi kwenye ngazi zetu akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba hataandika notisi nyingine wakati Wilf angali hai. Nilimshukuru. Kisha nikamwambia neno la mdomo huzikwa na mtu, na yeye ana wakili na mnunuzi. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Clifford Ormerod, umefikiria vya kutosha. Liandike. Weka saini, na uchapishe hapa, katika ukurasa huu, wiki ijayo. Na ninyi wengine mnaosoma hili mkishukuru kwamba sio ninyi: mpigieni fundi simu kabla hamjakunja gazeti, na akishatoka ndani na kusema ni salama, waacheni walio ndani wakae.

Thelma Sugden